Nondo Kwenye Shavu la Kukhu

"Umemuua nani?"

Hivyo ndivyo Shangazi Rasoa alivyoniuliza mbele ya akina mama wote wa kanisa, nami, msomi wa mwaka wa pili chuo kikuu, hodari wa kubishana hata na redio, nikabaki mdomo wazi, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Ilikuwa Kariobangi, Nairobi, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Kukhu (ndivyo tulivyomwita bibi) alikuwa amezikwa nyumbani, magharibi mwa Kenya, na shangazi hakuhudhuria kwa kuwa kiwandani walimnyima ruhusa, basi tangu hapo hali wala hasemi, anaitazama tu picha ya mama yake ukutani. Jumamosi hiyo mchana, katikati ya maombi, nondo akaingia, akatua pale pale kwenye picha, juu ya shavu. Mweupe, mdomo umechongoka, mabawa yenye mstari wa dhahabu ameyaviringisha mwilini kama mtu aliyejifunika shuka. Kwetu nondo akiingia penye msiba hafukuzwi, huamkuliwa.

"Mama, umefika?" shangazi akanong'ona. Maneno yake ya kwanza kwa wiki tatu! "Nisamehe. Sikuja kukuzika."

Nondo akapiga mabawa mara moja, akatulia. Nywele zilinisimama (sikumwambia mtu), na kwa kuona haya kwamba nimeogopa, nikaamua kuwaelimisha, nikianza na senje, yaani shangazi.

"Senje, huyu ni nondo wa nyasi tu. Wamejaa hapo jirani, Dandora. Ngoja nimkamate umwone vizuri."

"Wewe msomi, kaa chini," mama mmoja akanionya. "Chai yako inapoa."

Sikukaa. Nilichukua bilauri, nikapanda stuli, nikamfunika, stuli ikayumba, nikashika picha, na sote, mimi, Kukhu na bilauri, tukaangukia birika la chai. Nilipoinua picha, nondo alikuwa amepondeka, na vumbi la mabawa yake limemfunika Kukhu macho.

Ndipo shangazi akauliza swali lile, kisha akarudia kimya chake.

Siku hizi nondo akiingia kwangu namwamkua (kimoyomoyo) na kumwachia dirisha wazi. Bawa moja la yule wa siku ile nililificha daftarini, na miaka mingi baadaye nikalilinganisha na kitabu cha wadudu. Ndiye, mstari kwa mstari. Huishi kwenye nyasi za magharibi, karibu na ziwa. Nairobi hajawahi kuonekana.