Machicha ya Bi Tunu

Bi Tunu wa Temeke hakupita chuo chochote ila cha Kurani, na barua zikija alikuwa akisomewa. Lakini machicha ya nazi aliyasoma mwenyewe. Kila siku karibu na adhuhuri, wake wa mtaani wakishakamua tui, alipita na beseni nyumba kwa nyumba kukusanya machicha ya kumnenepeshea beberu wake. Akishapewa, huchota konzi moja akaifinya papo hapo, mbele ya mwenyewe. Vidole vikibaki vikavu, mtaa mzima utajua.

"Mwanakombo mwanangu, nazi hii umeikamua mara ngapi? Hapa hata sisimizi hapati kitu."

"Mara mbili tu, bibi."

"Mbili! Basi una mikono ya mpiga makasia."

Majirani wakacheka. Mwanakombo naye akacheka, lakini kwa meno ya mbele tu.

Tusimlaumu sana Bi Tunu. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma na kila kitu bado ghali, bintiye amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza, na mbuzi wa akika aliahidi kumtoa yeye. Wakwe walikuwa watu wa Kipawa, wenye mbuzi wengi na maneno mengi zaidi. Mbuzi wa akika hatakiwi awe mgonjwa wala na kilema, nao wangemkagua mpaka kwato. Kwa hiyo beberu alikatiwa nyasi kila asubuhi, akapewa majani ya muhogo yaliyonyaushwa juani, pumba kidogo, na machicha kidogo ya kumtia hamu.

Wiki moja kabla ya akika, beseni likaanza kuwa zito. Machicha yalikuja meupe, yamelowa. Ukiyafinya, tui linachuruzika hadi kiwikoni. Bi Tunu hakuuliza. Akaona watu wamejifunza ukarimu, akammwagia beberu yote. Nyasi beberu akazisusa, naye Bi Tunu akamwacha adeke.

Jumanne asubuhi beberu hakusimama. Tumbo limevimba, amejichafua nyuma mpaka miguuni, na taya zimetulia tuli. Mbuzi asiyecheua si mzima, hilo Bi Tunu alilijua vizuri. Na akika ilikuwa Ijumaa.

"Jicho hili!" alimwambia mumewe, Sadallah. "Kuna mtu kamtazama vibaya."

Sadallah alikuwa anangoja chai. "Hakuna jicho. Kala mchuzi wa wenzetu."

"Mchuzi gani?"

"Wanaume wenzangu wa mtaa huu siku ya tano leo wanakula mchuzi wa maji. Bakari jana kasema samaki wake bado anaogelea. Wake zao wanauogopa ulimi wako, kila mmoja anakamua mara moja basi, asije akaitwa mchoyo. Tui lote analo mbuzi wako."

Bi Tunu akakaa kizingitini. Kisha akaondoa machicha yote, akamwekea beberu nyasi kavu na maji yenye chumvi kidogo. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kwenda kwa Mwanakombo, ambako wanawake walikuwa wamekaa wanachambua mchele.

"Nimekuja kuwaomba mkamue," alisema.

"Tukamue nini, bibi?" Mwanakombo aliuliza, uso mkavu.

"Nazi. Kamueni vizuri, mbuzi wangu anakufa kwa shibe."

"Mie naogopa. Kwanza tuletee machicha ya kwako, tuyafinye tuone mfano."

Wakamfuata hadi jikoni kwake. Mwanakombo akachota, akafinya, akapuliza kiganja: machicha yakaruka kama vumbi la msumeno.

"Mara ngapi haya?"

Bi Tunu akatazama dari. "Nne," akasema. "Na maji ya moto."

Walicheka mpaka mmoja akashikilia mlango. Kuanzia siku ile waume wakapata mchuzi wao, na beseni halikupita tena mtaani.

Alhamisi alasiri beberu alisimama, akatafuna nyasi, akaanza kucheua. Ijumaa wakwe walifika. Mama mkwe wa bintiye akampapasa beberu mgongo, akaguna.

"Kapungua huyu, shoga. Alikuwa anaumwa?"

Bi Tunu akafungua mdomo. Mwanakombo akadakia kutoka nyuma:

"Mtazame mdomo, bibi, anacheua. Kilema hana, homa hana. Mafuta mtayakuta kwenye mchuzi."

Mama mkwe akaangalia zile taya zikienda, akaachia mgongo, akaagiza kisu kiletwe.