Shahidi Asiyejua Kiswahili

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikana kwamba najua Kiswahili. Nilikana shuleni, nikakana chuo kikuu, nikakana mbele ya mwanamume aliyenioa na mbele ya mama yake aliyenipokea hapa Jinja. Anayeandika haya ni mwongo mzoefu, kwa hiyo msomaji aamue mwenyewe aniamini kwa kiasi gani.

Ukweli ni kwamba nilikijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Baba alikuwa polisi na tulikaa kambini Mbale, sisi Wagisu pamoja na watoto wa Waacholi, Waiteso na Walugbara. Tungegombana kwa lugha gani nyingine? Lakini nje ya ua wa kambi Kiswahili kilikuwa na maneno machache tu, na yote yalikuwa amri: lala chini, toa kitambulisho, panda gari. Baba mkwe wangu alivunjwa mkono kwenye kizuizi cha barabarani na watu waliosema maneno hayo. Nilipoolewa, mama mkwe aliniuliza kama ninajua kile cha wanajeshi. Nikajibu, hata neno moja. Baadaye nilikisoma upya vitabuni, sanifu kabisa, kwa siri, kama mtu anayevuta sigara chooni.

Mwaka juzi nilikwenda kwa fundi mmoja pale Masese anayeyeyusha alumini na kutengeneza masufuria. Nilitaka mfuniko. Masufuria yake yalikuwa mazito na ya kung'aa, nami nilikuwa nimeyasifia kwa majirani zangu wote, nusu yao wakanunua. Nikiwa nimekaa kwenye kigoda nikisubiri, wakaingia watu wawili: dereva wa lori kutoka Mbale, ambaye hutuuzia makaa mtaani, na bwana mmoja mwenye shati safi ambaye wenzake walimwita bosi. Fundi ni Msoga, dereva ni Mgisu, bosi sikumjua kabila. Lugha yao ya kukutana ilikuwa Kiswahili.

"Ile waya ya kituo cha afya iko bado?" bosi akauliza.

"Iko, bosi. Nene, mzuri sana," dereva akasema.

"Basi Alhamisi. Umeme itazimwa ya matengenezo, wamesema redioni. Mukate mchana, watu watafikiri ni mafundi. Wewe, dereva, funika na makaa mpaka ghala yangu ya Mbale."

Fundi akanitupia jicho. "Na huyu mama?"

"Huyu? Huyu ni mwalimu wa Kiingereza," dereva akasema. "Hapana sikia kitu. Ukimtukana kwa Kiswahili atakushukuru."

Wakacheka. Bosi akanigeukia, akanisalimu kwa Kiingereza kizuri na kuniuliza hali ya familia. Nikamjibu kwamba wote wazima. Ndiyo, nilitabasamu. Nikachukua mfuniko wangu nikaenda nyumbani, njia nzima nikijiambia kwamba huenda sikusikia vizuri. Mtu mwenye shahada mbili hakosi njia ya kujidanganya.

Alhamisi umeme ulizimwa kama ilivyotangazwa. Ijumaa ulirudi mji mzima, isipokuwa upande ule wa Masese, ambako nguzo tisa zilisimama bila waya. Nesi wa kituo cha afya, ambaye tunasali naye, alibeba chanjo za watoto kwenye boksi la barafu hadi mjini. Alipofika, hospitalini wakakuta zimeshapata joto, wakamwambia azimwage. Jumatatu akina mama walikuja na watoto mgongoni, wengine wametoka visiwani kwa mtumbwi, akawarudisha mmoja mmoja. Alinisimulia hayo kanisani Jumapili iliyofuata, bila kulia. Mimi nilishika kitabu cha nyimbo na kuangalia ukurasa ambao hatukuwa tunauimba.

Wakati huo serikali ilikuwa imetangaza vita dhidi ya mitandao ya wezi wa nyaya, na mkaguzi mmoja wa upelelezi aliletwa Jinja kwa kazi hiyo. Alikuwa mwanamke kijana kutoka kaskazini, mpole, na viatu vyake vilijaa vumbi la Masese. Alikuwa ameshamkamata dereva na fundi. Bosi alikamatwa pia, akatoka kwa dhamana kabla chai yake haijapoa.

"Wakataji tunawakamata kila wiki," mkaguzi alituambia sisi watu wa mtaa. "Wiki inayofuata anaajiri wengine. Ninayemtaka ni mwenye ghala. Nyaya zimekutwa kwake, lakini anasema aliuziwa kama chuma chakavu. Nahitaji mtu aliyemsikia akiagiza."

Fundi alikuwa ametaja kwamba nilikuwepo. Nikaitwa kituoni. Mpelelezi angeweza kutumia Kiingereza, lakini aliuliza kwa Kiswahili cha polisi, konstebo akanitafsiria kwa Kisoga, nami nikangoja kwa adabu tafsiri ya swali nililokwisha kulielewa.

"Walizungumza nini, mama?"

"Sijui, afande. Walisema Kiswahili."

Akaniangalia kidogo. "Sawa. Mtaa huu mzima haujui Kiswahili. Sijui kile ninachowasikia wakiongea kwenye simu ni lugha gani."

Maelezo yakaandikwa, yakasomwa, nikatia sahihi yangu ile ya kisomi yenye mkia mrefu. Mimi, Mgisu, mkazi wa Jinja, sijui wala sielewi lugha ya Kiswahili.

Wiki mbili baadaye nesi aliniambia kwamba bosi ameonekana tena Masese akisalimia watu, na kwamba faili linakaribia kufungwa. Asubuhi iliyofuata nilipanda basi kwenda kwa baba.

Baba amestaafu, anaishi Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, na kuku wake. Nilimkuta akitengeneza mlango wa banda. Nikamweleza yote, kwa Kiswahili, kwa sababu na yeye sijawahi kusema lugha nyingine. Hakuacha kupiga misumari mpaka nilipofika kwenye sahihi.

"Uliandika hujui?"

"Niliandika, baba."

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa naongea na nani?"

Nikamwambia nilimwogopa mama mkwe, nikamwambia habari ya ule mkono uliovunjwa. Halafu nikamuuliza nililokuwa nimeshindwa kumuuliza tangu utotoni, kama na yeye alisimama kwenye vizuizi vile.

"Nilisimama," akasema. "Nilisema maneno hayohayo. Sikuvunja mkono wa mtu, lakini nilikuwepo vilipovunjwa vitu, na sikusema. Hiyo ni yangu, nitaijibu mimi. Usiifanye kisingizio chako." Akachukua msumari mwingine. "Faili bila shahidi ni karatasi ya kufungia karanga. Nimefungia nyingi. Basi la kurudi ni saa nane."

Nilipanda la saa nane. Kesho yake nikaingia ofisini kwa mpelelezi na kumwamkia kwa Kiswahili. Konstebo wa kutafsiri akabaki kinywa wazi. Mpelelezi hakushangaa hata kidogo.

"Siku ile ulitikisa kichwa kabla konstebo hajaanza kutafsiri," akasema. "Nilikuwa nakungoja. Lakini jua hili: kudanganya polisi ni kosa, naweza kukushtaki wewe. Na wakili wake atayainua yale maelezo ya kwanza mbele ya watu wote. Bado unataka?"

"Andika, afande."

Jioni nikamwambia mama mkwe, kabla hajaambiwa na soko. Aliendelea kuchambua mchele mpaka nikadhani hakunisikia.

"Kwa hiyo lile deni la mkono wa marehemu mume wangu, miaka yote nimekuwa nikikudai wewe usiyehusika, bila kujua," akasema mwisho. Kisha: "Huyo mwenye ghala, chanjo zile zilikuwa za watoto wa nani?"

"Wa yeyote, mama."

"Basi nenda ukaseme. Mimi nitakasirika hapahapa, utanikuta."

Kesi ilisikilizwa Mbale, kulikokutwa nyaya. Wakili wa bosi alikuwa na sauti nzuri na karatasi mbili, moja kila mkono.

"Hapa mama anasema hajui Kiswahili. Hapa anakijua. Sasa aieleze mahakama, alidanganya lini?"

"Mara ya kwanza, bwana wakili. Na kabla ya hapo, miaka thelathini na kitu."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akanitaka niyarudie niliyoyasikia, neno kwa neno, kama yalivyosemwa. Nikayarudia yote, pamoja na lile la kutukanwa na kushukuru. Nilipofika hapo dereva akainamisha kichwa kizimbani, na nikaona hakimu akiandika. Wakili alinishika saa nzima. Aliniita mnafiki, na kwa kuwa nilikuwa nimeapa kusema kweli, nikakubali. Aliniuliza nimelipwa nini. Aliniuliza kwa nini mwanamke msomi aaibike hadharani kwa ajili ya nyaya. Nikamwambia hazikuwa nyaya, zilikuwa friji ya chanjo, na nilizisikia zikiagizwa kukatwa nikiwa nimekaa hatua tatu tu.

Siku ya hukumu nilikuwa Jinja nikisahihisha mitihani. Simu ikalia saa sita mchana. Alikuwa mpelelezi, na nyuma yake nilisikia watu wakitoka mahakamani.

"Mama, wamekutwa na hatia. Wote watatu. Mwenye ghala ameanza kifungo leo."

Nikamuuliza hakimu alisema nini kuhusu maelezo yangu mawili.

"Alisema shahidi alidanganya polisi, na hilo halimpendezi. Lakini alirudi kwa miguu yake, hakuna aliyemleta. Na haoni kwa nini mtu ajitungie aibu ya namna ile."

"Kwa hiyo aliniamini."

"Alikuamini. Watakata rufaa, wakili wake ameshasema. Ukiitwa tena, utakuja?"

"Nitakuja," nikasema.