Dakika Kumi na Mbili za Mpiga Dramu

Kwa miaka thelathini na moja alipiga dramu katika bendi ya harusi. Kisha akafanyiwa upasuaji wa moyo, na daktari akampa sharti moja: atembee dakika kumi na mbili kwenye mashine ya mazoezi yenye mkanda unaozunguka, bila kusimama, ndipo arudi kwenye vijiti vyake. Bendi ingemsubiri hadi Jumamosi. Baada ya hapo ingetafuta mtu mwingine.

Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali. Kilikuwa na mizani, benchi moja, na mashine ambayo vishikio vyake vilikuwa vimezungushiwa plasta. Siku ya kwanza aliishia dakika ya nne.

"Umechoka, mzee?" aliuliza mtaalamu wa mazoezi, binti mwenye sauti ya upole.

"Wala. Nausikiliza huu moyo. Unakosea mapigo."

"Haukosei. Vipimo vyote viko sawa."

"Mwanangu, nimegombana na wapiga besi kwa kosa dogo kuliko hilo!"

Alhamisi, binti alimvalisha vipokea sauti vya masikioni na kumchagulia wimbo mtulivu. Hofu ikamtoka. Lakini miguu yake, iliyozoea kutii muziki tu, ikafuata wimbo, na wimbo ulikuwa wa polepole kuliko mkanda wa mashine. Akaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, uso umejaa raha, mpaka akabaki ananing'inia kwenye vishikio kama shati kwenye kamba.

"Baba Pacha!" mkewe alipiga kelele kutoka kwenye benchi. "Unakwenda wapi?"

"Nafuata wimbo!"

"Na mashine je?"

"Mashine haijui muziki!"

Binti alizima mashine huku akicheka hadi machozi. "Basi tutaifundisha. Kesho lete wimbo wako mwenyewe."

Ijumaa alileta wimbo wa bendi yake kwenye simu. Binti aliiweka simu dirishani, sauti juu, kidole chake kikiwa kwenye kitufe cha mwendo. Dramu zilipopungua, naye alipunguza, zilipopanda, alipandisha. Mzee alitembea kifua mbele. Dakika ya nane tarumbeta ziliingia, mikono yake ikaachia vishikio na kuanza kupiga hewa. Mkewe hakuweza kukaa tena. Alicheza katikati ya chumba, chupa ya maji mkononi.

Kengele ya mashine ikalia.

"Kumi na mbili, mzee! Umefaulu! Shuka sasa."

"Nishuke vipi? Wimbo haujaisha!"

Binti alimgeukia mkewe. "Mama, huu wimbo umebakiza muda gani?"

"Mwache tu, mwanangu," mama alijibu, akihema na kucheka. "Huo wimbo hata maharusi huwa wanauomba uishe."

Binti akaisaini barua ya ruhusa juu ya mizani, akaisogeza simu karibu na mashine, kisha akaongeza sauti.