Maji ya Kumtasia Righa

Mkawasi alimlea Righa tangu dada yake, aliyemzaa mtoto huyo, alipofariki. Alimbeba mgongoni akienda kuteka maji kwenye chemchemi ileile ambayo, alipokuwa mtu mzima, Righa alisimama kando yake akaapa kutuletea mfereji mpaka mlangoni. Nilikuwepo. Majirani wote tulikuwepo, tukapiga vigelegele kama wapumbavu.

Siku hiyo Mkawasi alimtasia. Alijaza maji mdomoni, akayapuliza hewani, akatamka kwamba moyo wake hauna kinyongo, mtoto aende akashinde. Huku kwetu milimani huombi kura bila mzazi kukutasia. Nani atamchagua mtu ambaye mamake ana hasira naye?

Righa akawa mwakilishi wa wadi. Sote tukaanza kumwita Mheshimiwa, isipokuwa Mkawasi. Kwake alibaki "mwanangu". Lakini simu za mama huyo aliacha kuzishika, na mfereji hatukuuona.

Basi Mkawasi, na goti lake bovu, akaanza kuwaendea viongozi mmoja mmoja. Kwa mbunge aliambiwa maji si kazi ya bunge, ni ya kaunti. Kwa mwakilishi wa wanawake alipewa soda na leso, na jibu lilelile. Kule kaunti, binti mmoja karani ndiye aliyemwambia ukweli.

"Nyanya, bomba la wadi yenu lilishalazwa. Muulize mwakilishi wenu limeishia wapi."

"Mwakilishi ni mwanangu."

"Si una bahati basi!"

Akirudi, alishukia barabarani, kwenye nyumba mpya ya Righa. Mfanyakazi alikuwa akimwagilia nyasi. Mkawasi akamuuliza maji yanatoka wapi. Kijana akanyoosha kidole juu mlimani, kwenye chemchemi yetu.

"Nimezunguka kwa viongozi wote nikimtafuta mwizi," alituambia jioni ile, akimenya mihogo bila kutuangalia. "Kumbe nilimbeba mwenyewe."

Iliniuma. Yeye alilia kidogo, akaendelea kumenya.

Uchaguzi uliporudi, Righa naye huyo, na turubai, na vipaza sauti, na chupa ya maji ya dukani.

"Mama, nitasie. Watu wanangoja."

Mimi nilitaka amtukane hadharani, amalize udhia. Mkawasi akaipokea chupa, akajaza maji mdomoni. Mashavu yakatuna. Righa akainamisha kichwa kupokea baraka.

Mkawasi akayameza.

Akapiga funda jingine, akameza. Akanywa mpaka chupa ikaisha, taratibu, huku Righa bado ameinama na jasho likimtoka shingoni. Kisha akafunga kifuniko, akamrudishia chupa tupu.

"Nilikuwa na kiu," alisema. "Asante, Mheshimiwa."