Salamu za Aneth kwa Mtoto wa Mongolia

Mashine ya alizeti ya Isaka, pale Iguguno kando ya barabara, ina kelele kiasi kwamba ikiwashwa, kuku wa kijiji cha Mgori, mbali kule, hutaga kabla ya siku zao. Asiyeamini aende akawaulize kuku. Lakini ulifika mwezi ambao, kila Jumanne na Alhamisi saa sita kamili mchana, mashine ilizimwa kwa nusu saa na wateja waliokaa juu ya magunia yao wakaombwa wanyamaze, maana dada yake Isaka alikuwa anaingia darasani.

Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya mashudu, makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa. Aneth aliweka dumu la mafuta juu ya gunia, simu akaiegemeza kwenye dumu, yeye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kajifunga kilemba kizuri kama anayekwenda kupokea askofu. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alimaliza chuo cha ualimu miaka minne nyuma, na tangu hapo ameomba ajira mara nyingi mno. Karatasi zake za maombi zikiunganishwa zingeezeka nyumba ya vyumba vitatu, na choo pia. Ajira haikuja. Ndipo alipoona kwenye simu kwamba kuna shirika linatafuta watu wa kujitolea: unazungumza Kiingereza na kijana wa nchi ya mbali ambaye amekisoma vitabuni miaka yote lakini hana wa kuongea naye. Aneth aliandika jina lake kabla hajamaliza kusoma tangazo.

"Yaani unafundisha bure, na bando unanunua mwenyewe?" Isaka alimuuliza.

"Ndiyo."

"Basi na mimi nianze kukamua bure."

"Wewe kamua tu, kaka. Mafuta yako hata ukiyagawa watu watayarudisha."

Kwa Isaka ulikuwa mzaha. Kwa Aneth lilikuwa ndilo darasa pekee alilokuwa nalo duniani, nalo lilikuwa na mwanafunzi mmoja.

Mwanafunzi huyo aliitwa Nomin, msichana wa miaka kumi na minne, wa Mongolia, aliyekuwa akikaa bweni la shule mjini. Uso wa duara, nywele nyeusi mbele ya macho, mdomo umefungwa kama mlango wa duka siku ya msiba. Shirika lilikuwa limetuma kadi za maswali, na Aneth alizifuata moja baada ya nyingine kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Unapenda kufanya nini wakati wa mapumziko? Nomin akasema, "Ndiyo." Unapenda michezo gani? Nomin akasema, "Hapana." Baada ya hapo alitazama meza yake kwa muda mrefu, hata Aneth akafikiri mtandao umekata, akaanza kuipungia simu mkono kama anafukuza nzi.

Siku ya pili ikawa vilevile, ila Nomin alipunguza. Hapo alikuwa anatikisa kichwa tu.

Jioni ile Aneth akapata ujumbe kutoka kwa msimamizi, Bi Margit, aliyeishi huko Ulaya. Ulikuwa wa adabu na mfupi. Ulisema utaratibu wa shirika ni vipindi vitatu. Mtoto asipotamka walau sentensi kumi zake mwenyewe, anapewa mwalimu mwingine, na mwalimu wa kwanza anapumzishwa. Kipindi cha tatu Bi Margit angekuwepo kusikiliza.

Aneth hakula. Alizisoma kadi mpaka akaziota mchana akiwa macho.

Jumanne wateja walikuwa wengi kuliko siku zote, maana habari imeshafika mpaka kwa wauza nyanya wa barabarani kwamba leo mwalimu wa hewani anapimwa. Wengine walikuja na gunia tupu, wapate tu sababu ya kukaa. Mbele kabisa alikaa Bi Febronia, mama wa makamo mwenye debe mbili za alizeti na maswali ya debe nne.

"Bi Febronia, leo nakuomba usiongee," Aneth alimwambia.

"Mimi? Lini umenisikia naongea?"

Simu ikafunguka. Upande mmoja akatokea Nomin, macho mezani. Upande wa pili akatokea Bi Margit: mwanamke mtu mzima, nywele nyeupe pe, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kadi ilikuwa wazi mkononi, swali la kwanza lipo kwenye ulimi. Lakini Aneth alilelewa nyumba ambayo mtoto akimpita mkubwa bila kumsalimia anarudishwa, hata kama alikuwa anakwenda kuzima moto. Zile nywele nyeupe zilimnyanyua kwenye ndoo. Akapiga goti mbele ya dumu la mafuta.

"Shikamoo, mama," akasema. Halafu akakumbuka, akaendelea kwa Kiingereza. "Umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri, asante," alisema Bi Margit. "Sasa tunaweza kuanza..."

"Na nyumbani wameamkaje?"

"Wameamka... vizuri."

"Watoto? Wajukuu?"

"Wazima."

"Mvua mmepata?"

Bi Margit akageuka kutazama dirisha lake. "Tumepata."

"Na mifugo haijambo?"

"Sina mifugo."

Aneth akashika kifua. "Pole sana, mama. Ni ugonjwa, au iliibwa?"

"Hapana, hapana. Sijawahi kuwa nayo."

"Anasemaje?" aliuliza Bi Febronia, na Aneth akajisahau akamtafsiria.

"Tangu azaliwe?" Bi Febronia alisikitika. "Hata kuku?"

Hapo ikasikika sauti ambayo haikuwa ya stoo wala ya Ulaya. Ilikuwa kicheko. Nomin alikuwa ameweka mkono mdomoni, na kicheko kinampita katikati ya vidole.

"Mwalimu," akasema, "yeye anakaa ghorofani. Mbuzi hawapandi ngazi."

Aneth aliitazama kadi. Kadi ilisema amuulize kuhusu filamu anazopenda. Akaiweka kifudifudi juu ya gunia.

"Nisamehe, Nomin. Wewe sijakusalimia hata siku moja, nilikurukia na maswali kama polisi. Nyumbani wameamkaje? Mifugo haijambo?"

Mtoto akainua uso.

"Bibi yangu ana mbuzi mia mbili," alisema. "Na kondoo. Na farasi kumi na moja. Wamenenepa." Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea, lakini kilikuwa kinatembea. "Kwetu mgeni akija huulizwa hivyo. Mifugo imenenepa? Walimu wengine wananiuliza michezo. Mimi sina michezo. Mimi nina mbuzi."

"Mwambie mia mbili ni uongo," Bi Febronia alisema alipotafsiriwa.

Aneth akamwambia, na Nomin akakasirika vizuri kabisa, kwa sentensi nne mfululizo. Alieleza zizi, alieleza baridi inayogandisha maziwa kwenye ndoo, alieleza jinsi bibi yake anavyowaingiza watoto wa mbuzi ndani ya hema na kulala nao wasife.

"Huku kwetu," Aneth alisema, taratibu ili mtoto ashike, "kaka yangu ana beberu mmoja tu. Lakini alikula turubai la lori, akala na kamba zake, na siku mbili baadaye dereva alipopiga honi, beberu akaitikia."

"Uongo," alisema Nomin.

"Muulize mwenyewe."

Isaka akaingiza kichwa mbele ya simu, uso mweusi kwa grisi, akakubali kwa kichwa, kwa huzuni kubwa.

Nomin akafikiri kidogo. "Mbuzi wa bibi yangu alikula tandiko la mgeni," akasema. "Mgeni akapanda farasi bila tandiko, akateleza. Akateleza mpaka mji mwingine. Sasa anaishi huko. Ameoa."

Aneth alipotafsiri, stoo ikalipuka kwa kicheko. Bi Febronia alitaka atafsiriwe mara mbili, na mara ya pili alicheka kuliko ya kwanza, akakiri kwamba mtoto yule amelelewa vizuri. Wakaendelea hivyo, beberu kwa beberu, mpaka dakika zikaisha na simu ikajifunga yenyewe katikati ya kisa cha ngamia aliyekuwa anapiga chafya.

Isaka akaenda kuiwasha mashine. Aneth alibaki amekaa, na furaha ikamtoka kama hewa kwenye tairi. Hakufungua kadi hata moja. Alimpa msimamizi pole ya mifugo ambayo haikuwahi kuwepo. Wateja walikuwa wameingilia darasa, na kaka mtu amejitokeza na grisi.

Akafungua kilemba, akakikunja mapajani. Ujumbe ulipoingia aliiacha kwanza simu imalize kulia, ndipo akausoma.

"Mwalimu Aneth," Bi Margit alikuwa ameandika, "nilikuwa nahesabu sentensi zake. Nilipofika arobaini nikaacha, kwa sababu nilikuwa nacheka. Nomin ni wako mpaka yeye mwenyewe achoke. Kuna na wenzake wawili wa bweni lile, hawaongei; ukikubali nitakupa na hao." Chini yake, baada ya nafasi, kulikuwa na mstari mwingine. "Umeniuliza kama nyumbani wazima. Nilikuwa na mbwa, miaka kumi na tatu. Amekufa wiki iliyopita. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza."

Aneth akasoma mara mbili. Akavuta ndoo karibu na dumu, akakaa vizuri, akaanza kuandika. Pole ya kwao haiishi kwa mstari mmoja: lazima uulize alikuwa anaitwa nani, aliugua nini, nani alikuwepo, amezikwa wapi, na kama mfiwa amekula.

"Aneth," Isaka aliita juu ya kelele za mashine, "njoo ushike gunia, watu wamejaa."

"Shika mwenyewe, kaka," alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi niko msibani."