Kitabu Chembamba cha Maalim Khelef

Naikumbuka mpaka leo alasiri moja hapa Maskati, mwanangu. Wewe Jumapili unaanza kusomesha, na mimi skuli niliiacha mapema, sijui kama nna haki ya kukupa nasaha. Lakini hili nililiona kwa macho yangu.

Tulikuwa watu wazima wenye asili ya Omani tuliorudi kutoka Afrika, tunajifunza Kiarabu cha kuandika, maana bila shahada yake kazi ya serikali huipati. Mwalimu wetu, Maalim Khelef, alisoma Ulaya. Huko alijifunza Kilatini, lugha ya zamani ya vitabu vyao, akampenda mwanachuoni mmoja wa karne za nyuma, kila mara akitusimulia habari zake. Watoto wa wakati huo walikaririshwa sarufi kwa viboko hata kabla ya kuelewa sentensi moja. Mwanachuoni yule akasema hapana, wasome kwanza maneno mazuri, wasemezane, kanuni zije baadaye na ziwe chache. Akatunga kitabu chembamba, skuli zikakipokea. Maalim naye akatutungia chake cha Kiarabu, chembamba vilevile. Nisimnyime haki yake: leo nikisoma gazeti, ni kwa sababu yake.

Akaja Nassor, mtu wa Tabora, fundi wa gereji kule mtaa wa Ghala. Yeye alisomea chuo cha Kurani kwa mtindo wa kale. Kabla ya kusoma sentensi lazima aimbe kanuni yake ya sarufi, macho kafumba. Tulikuwa tukimcheka: "Redio Tabora hiyo, ishafunguliwa!"

Siku ya mtihani Maalim akampa barua aisome. Nassor akafumba macho, akaanza kuimba. Maalim akapiga meza kwa rula.

"Hapa hakukaririwi! Soma!"

"Maalim, nikianza bila kanuni ulimi unafunga."

"Basi shahada huna."

Sote tulijua Nassor kaahidiwa kazi wizarani, na kesho yake ndiyo mwisho wa kupeleka shahada. Mke na watoto walikuwa bado Tabora, wanangoja apate kazi hiyo awalete. Akajaribu tena. Akakwama kwenye neno la kwanza. Maalim akainua rula. Sidhani alitaka kumpiga, pengine alitaka kupiga meza tu. Lakini Nassor, mwanamume mwenye mvi, akajikinga uso.

Bi Zuwena, mkubwa wetu kwa umri darasani, akaweka chini chupa yake ya chai.

"Maalim, mwanangu, yule bwana wako wa Kilatini, kitabu chake kiliishaje?"

"Bi Zuwena, si wakati wake huu."

"Ndo wakati wake hasa. Kiliishaje?"

Maalim akaitazama rula mkononi. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba miaka ilivyopita walimu walikifanya kitabu kilekile ndicho cha kukariri, mwanzo hadi mwisho, na aliyekosea akachapwa.

"Haya. Basi mwache mwenzio aimbe."

Maalim akakaa. "Imba, Nassor."

Akaimba kanuni yake ndefu, na safari hii hakucheka mtu. Kisha akafumbua macho, akaisoma barua yote. Maalim akatia saini palepale.

Mwanangu, sisemi kukariri ni bora. Nimewaona walioimba kanuni miaka na miaka, wakishindwa hata kuuliza bei sokoni. Maalim alikuwa na haki, kwa wengi wetu. Ninalokuomba ni hili, kama nimelielewa sawa: njia iliyokufungua wewe ipende, uifuate, lakini usimwadhibu mtu kwa sababu yeye alifunguliwa kwa nyingine. Ukimwona mwanafunzi anakuogopa, nyamaza kwanza, hata kama haki ni yako. Halafu muulize yeye huanzia wapi.

Mungu akupe subira inayotangulia hasira, na atakayepita mikononi mwako alitaje jina lako bila kushtuka. Amina.