Moteri ya Wenceslas kwenye mbabula

Ilikuwa mwaka wa 2018. Hapana, tusidanganyane, mwaka wa 2018 watu wa Goma walikuwa wangali wanasalimiana kwa mikono. Ilikuwa 2019, Ebola ilipofika mjini na kila mlango ukawekewa ndoo ya maji ya klori. Ndiyo mwaka ambao Balagizi alimfokea mke wake mbele ya majirani, yeye ambaye hata kuku wa jirani alikuwa anawafukuza kwa kuwabembeleza.

Balagizi alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, alifanya kazi ya duane, ofisi ya ushuru wa mpakani, mpaka akapumzishwa, akakaa Himbi na mke wake Nshobole na binti yao Joviale. Alichopenda duniani ni moteri, mota za umeme. Si za gari kubwa. Ni zile ndogo zinazoenea kiganjani, za gari ndogo za telekomande, zinazoongozwa kwa mbali katika mashindano, moteri za zamani zenye vipande viwili vya makaa ndani vinavyopapasa shaba ili umeme upite. Siku hizi gari hizo zina moteri zisizo na makaa, na zile za zamani zinatupwa. Balagizi alizifuata mtaani Birere katika mafungu ya vyuma, kwa wageni wanaofungasha kurudi kwao, hata Gisenyi ng'ambo ya mpaka. Kila moja aliifunga katika kipande cha kitenge na kuilaza ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Yeye mwenyewe hakuzizungusha. Kila mzunguko unakula makaa, alisema, na waya wa zamani unaweza kuungua mara moja tu, basi, imekwisha.

Moja haikuwa ya kuokota. Kabla ya lava ya mlima wa moto iliyomwagika mjini 2002, Balagizi na rafiki yake Wenceslas walikuwa wakishindanisha gari hizo kila siku ya Mungu, baada ya misa, kwenye uwanja wa simenti wa depo moja ya kahawa. Siku moja Wenceslas aliunguza moteri yake. Akatoa waya wote, akaifunga upya kwa mkono, nyuzi tatu pamoja, akikaza kwa meno. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na waya zake zililala upande ambao hakuna kiwanda kinachozilaza. Alipokufa alimwachia Balagizi moteri hiyo. Hakuacha mtoto, wala picha ambayo uso unaonekana vizuri. Aliyetaka kuona mkono wa Wenceslas ilibidi achungulie katika tundu la ile moteri, na Balagizi alikuwa anachungulia.

Basi mwaka huo Balagizi alipanda boti kwenda Bukavu kwenye kilio. Aliporudi ilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wake. Nshobole amealika majirani, ameweka kiti barazani, na mbele ya kiti kuna mbabula mpya, jiko la makaa, yenye bomba la bati ubavuni na batri ya pikipiki.

— Papa Joviale, bonyeza hapa!

Akabonyeza. Upepo ukatoka kwenye bomba, makaa yakawa mekundu, majirani wakapiga makofi. Balagizi akainama kuona kinachopuliza.

— Mama Joviale, hii moteri ulitoa wapi?

— Kwenye mikebe yako. Ilikuwa imekufa, hata siku moja siyaiona ikizunguka! Nikaipeleka kwa fundi Kambere, akaitengeneza. Bonne fête, papa!

Akachungulia tunduni. Waya mpya, nyembamba, nyekundu, zimelala kama za kila mtu.

— Umenizikia Wenceslas mara ya pili!

Sauti hiyo Nshobole hakuwahi kuisikia katika nyumba yake. Balagizi aliing'oa moteri ikiwa bado ya moto, akaungua vidole, akatoka.

— Papa Joviale, watu wako kwenye meza!

— Wakule! Na wakishiba, wapike mikebe yote!

Kibanda cha Kambere kilikuwa Birere, kimejaa mablenda na feni za watu. Kambere alikuwa fundi wa kufunga waya za moteri zilizoungua.

— Muzee, karibu! Upepo iko muzuri?

— Waya ya zamani iko wapi?

— Ile nyeusi? Niliichoma kutoa verni iliyoifunika, nikatupa kwa beseni. Wanunuzi wa shaba wanapitaka hapa kila siku.

Balagizi akapiga magoti, akaingiza mikono katika beseni. Waya za feni, za redio, za mashine ya kusaga, zote zimechomwa, zote rangi moja, zimeshikana kama nywele. Akavuta, akatupa, akavuta tena.

— Shaba ni shaba, muzee! Unatafuta damu yako humo?

— Labda alificha dhahabu, akasema mama mmoja aliyeleta blenda, na watu wakacheka.

— Mwizi! Balagizi akapaza sauti. Ulitoa kitu cha mutu ndani ya kitu cha mutu, bila kumuuliza!

Hapo Kambere naye akawaka.

— Unanitukana mimi? Mimi niliwafanyia muzuri! Ile moteri haikukuwa hata imekufa. Niliifunga kwa batri, ikazunguka kama wazimu, ikaruka kwenye meza. Nikajisemea, hii itakata mama vidole. Njo sababu nikaipunguza nguvu.

Mikono ya Balagizi ikasimama ndani ya beseni. Nshobole, aliyekuwa amemfuata mbio, alifika akiyasikia maneno hayo, akaziba kinywa kwa pembe ya kitenge.

— Ilizunguka? Balagizi akauliza.

— Si nimekuambia.

Miaka yote hiyo alikuwa amejizuia, asiiunguze kazi ya rafiki yake kwa tamaa ya dakika moja. Na ile dakika ameila mtu mwingine, ambaye hakujua hata anakula nini. Balagizi akamshika Kambere kola. Watu wakawaachanisha, fundi akachukua blenda ya yule mama akaanza kufungua vis, skrubu zake, na Balagizi akamuuliza kwa kufoka, kisha kwa sauti ndogo, kisha kila alipopita Birere miezi iliyofuata, na kila mara Kambere aliinamia kazi yake:

— Siku ile ilipozunguka, ililia namna gani?